Hospitali ya Mbwa na Paka si Anasa

Kipo kicheko kimoja ambacho nimekisikia katika mabaraza, katika magari ya abiria, na hata katika chumba cha walimu. Mtu akisema kwamba ng'ombe wake hajala tangu jana, wote humsikitikia. Mmoja atamtajia dawa, na wa pili atampa nambari ya simu ya daktari wa mifugo. Lakini mtu huyo huyo akisema kwamba mbwa wake hajala tangu jana, na kwamba angependa apatikane daktari wa kumtazama, hapo ndipo kicheko hutoka. "Siku hizi umekuwa Mzungu?" huulizwa. Kicheko hicho nakichukia. Naandika insha hii ili nikipige vita, kwa kuwa nimekiona kikikaribia kuua mtoto.

Mwaka 2019 nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya kutwa mashambani. Karibu na shule aliishi ajuza mmoja, mjane, pamoja na mbwa wake wa rangi ya majivu. Mbwa yule hakuwa na nasaba ya kutajwa. Alikuwa kama walivyo karibu mbwa wote wa vijiji vyetu. Lakini kwa muda wa miaka sita ndiye aliyekuwa mlinzi wa kuku za ajuza, wa mbuzi zake, na wa usingizi wake. Siku moja mbwa akaanza kubadilika. Akaacha chakula, akawa hataki kuguswa, akajificha chini ya ghala mchana kutwa. Ajuza akamfunga kamba ya mkonge, akaenda naye kwa miguu mwendo wa saa mbili mpaka ofisi ya mifugo. Ofisi hiyo sitaitaja, maana ingeweza kuwa nyingine yoyote. Kijana aliyekuwa mlangoni alimtazama mbwa, akamtazama ajuza, akacheka. Akasema, "Nyanya, hapa ni pa ng'ombe. Mrudishe tu nyumbani. Akifa utapata mwingine."

Ajuza akarudi. Njiani alipita katika duka la dawa za mifugo, akauziwa kichupa cha dawa ya ng'ombe, na kipimo akakisiwa kwa macho. Siku ya tatu mbwa alikata kamba, akatokea barabarani saa ya wanafunzi kurudi nyumbani, akamuuma mvulana wa kidato cha pili katika shavu la mguu.

Watu walifanya walichozoea kufanya. Walimpiga mbwa kwa mawe hata akafa, wakamtupa korongoni. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua kama mbwa yule alikuwa na kichaa au hakuwa nacho. Zahanati haikuwa na chanjo. Hospitali waliyoelekezwa haikuwa nayo pia. Baba wa mvulana akauza mbuzi wawili, akaenda kununua sindano mjini, akawa anamsafirisha mwanawe kila siku iliyopangwa mpaka zikatimia zote. Mvulana hakuugua, na shule aliimaliza. Lakini kwa muda wa miezi mitatu mama yake alikuwa akimwamsha usiku wa manane na kumpa kikombe cha maji, apate kuona kama atayaogopa.

Baadaye yule ajuza alinijia nyumbani. Alisema kwa haya, kana kwamba yeye ndiye aliyeuma: "Mwalimu, mimi nilimpeleka. Wakasema si pa mbwa."

Maneno hayo ndiyo ninayoyajibu katika kurasa hizi. Wala sitajifanya mwema kuliko wengine: siku ile mvulana alipoumwa, mbwa wangu mimi mwenyewe hakuwa na cheti cha chanjo.

Kichaa cha mbwa si ugonjwa wa kufanyiwa mzaha. Virusi vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa njia ya jeraha, vikafuata mishipa ya fahamu polepole mpaka vikafika katika ubongo. Safari hiyo aghalabu huchukua miezi miwili au mitatu. Mara nyingine majuma machache, mara nyingine hata mwaka mzima. Katika muda huo mtu anaweza kuokolewa kwa chanjo. Louis Pasteur alilithibitisha jambo hili mjini Paris mwezi wa Julai mwaka 1885, alipomtibu Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa ameraruliwa na mbwa mwenye kichaa. Lakini dalili zikisha kutokea, koo likakaza, maji yakawa kitisho, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na wengi wao wako Asia na Afrika. Katika kila wagonjwa 100, hadi 99 waliupata kwa mbwa. Na katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15. Msomaji kijana, hesabu hiyo ni yako na ya ndugu zako wadogo. Ukiumwa leo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo kama mkwaruzo.

Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa wa viungani mwa Nairobi. Zaidi ya miaka mia moja imepita nasi tungali nao. Si kwamba hatuwezi kuushinda ugonjwa wa wanyama. Sotoka, iliyofagia ng'ombe wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, ilitangazwa kuwa imefutwa duniani mwaka 2011, na madaktari wetu walikuwa katika vita hivyo. Tuliishinda sotoka kwa sababu ng'ombe ana bei. Mbwa hana bei sokoni, na kwa ajili hiyo tumeuacha ugonjwa wake ututafune.

Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Mpango ni mzuri, na msingi wake ni hesabu moja nyepesi: wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, na ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita, ukafa wenyewe. Mexico ilichanja mbwa wake kwa miaka mingi bila kuchoka, na mwaka 2019 ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imekomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa kiletwacho na mbwa.

Wako watakaonijibu hivi: "Basi mbwa wachanjwe mara moja kwa mwaka chini ya mwembe, yaishe. Hospitali ya nini?" Hao ndio wapinzani wangu wenye akili zaidi, nami napenda nikae nao kidogo.

Mbwa jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi, akazaa watoto watano, sita, au zaidi. Gari la chanjo likija mwezi wa Septemba, wanaozaliwa mwezi wa Oktoba hawamo katika hesabu. Na waliomo hawadumu. Mmoja atakufa kwa minyoo, wa pili kwa homa ya kupe, wa tatu kwa kuharisha damu kabla ya kutimiza mwaka, wa nne atavunjwa mguu na pikipiki na kuachwa aoze. Mahali pao hushikwa na wengine wasiochanjwa. Tuseme mwaka huu tumefika kwenye ile 70; mwakani, bila ya mtu yeyote kukosea, tutajikuta tumerudi nyuma sana. Kuchanja bila kutibu, na kuchanja bila kuzuia uzazi usio na mpango, ni kuchota maji kwa pakacha. Mbwa aliyefungwa kizazi na kutibiwa maradhi yake huishi miaka mingi, na kila mwaka anaoishi akiwa na chanjo ni ukuta kati ya ugonjwa na mtoto wa jirani.

Tena liko jambo la siku kumi. Mbwa akimuuma mtu, mganga wa watu humwanzishia mtu huyo matibabu mara moja, na mbwa hufungiwa mahali pa salama akatazamwa kwa siku kumi. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, yajulikana kwamba mate yake hayakuwa na virusi siku aliyouma, na sindano zilizobaki zaweza kuachwa. Akifa, kichwa chake hupelekwa maabara, kama ile ya Kabete, ubongo ukapimwa. Lakini afungiwe wapi? Katika ofisi ambayo ni ya ng'ombe? Banda moja lenye mlango wa chuma na kufuli lingalimpumzisha yule mama aliyekuwa akimwamsha mwanawe usiku. Badala yake tulikuwa na mawe na korongo.

Wala kichaa si mzigo pekee tunaobebeshwa na mbwa asiyetibiwa. Huko Turkana, watu wengi kuliko karibu mahali pengine popote duniani wameugua uvimbe wa maji unaoota katika ini na mapafu. Chanzo chake ni mnyoo mdogo mno akaaye katika matumbo ya mbwa. Mbwa hula maini na mapafu ya kondoo au mbuzi mgonjwa aliyechinjwa. Mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi chake. Mtoto humshika mbwa, akala kwa mkono ule ule. Uvimbe hukua kwa miaka, hata ukafikia kupasuliwa. Katika miaka ya 1980 shirika la AMREF liliendesha kazi kubwa huko ya kuwatibu watu na pia kuwanywesha mbwa dawa ya minyoo. Walielewa kwamba kumpasua mtu na kumwacha mbwa ni kufagia nyumba huku mlango uko wazi upande wa upepo. Kidonge cha mbwa ni kitu kidogo. Kisu cha daktari katika ini la binadamu si kitu kidogo.

Paka naye nisimsahau, kwa maana yeye ameonewa kimya kimya. Mkulima humtegemea alinde ghala la mahindi dhidi ya panya, ambao mbali na kula nafaka huleta maradhi. Walakini paka akiugua, mtu mwenye huruma humsagia kidonge cha maumivu cha binadamu, kile cha parasetamoli, bila kujua kwamba kidonge kimoja tu chaweza kumuua. Mwenye bidii zaidi humwogesha kwa dawa ya josho la ng'ombe ili kumwondolea viroboto, na jioni paka anatetemeka na kutoa povu. Watu hawa si wakatili. Wanatibu gizani kwa sababu mwenye taa amekataa kuwafungulia mlango. Ama watoto wa paka, wote twajua waendako: katika gunia, na gunia katika shimo la choo. Operesheni moja ya kufunga kizazi, mnyama akiwa amelazwa kwa nusukaputi, huondoa magunia yote yatakayofuata. Nimewauliza wanafunzi wa darasa zima ni nani hajapata kuona gunia la namna hiyo. Mikono iliyoinuka ilikuwa michache.

Sasa nije kwa hoja inayopigiwa makofi kila inaposemwa: kwamba nchi ambayo watu wake hawana dawa haiwezi kuwajengea mbwa hospitali. Hoja hii husemwa kwa uchungu, na mwenye kuisema huonekana mpenzi wa watu. Lakini itazameni vizuri. Yule mvulana alikosa dawa, ni kweli. Lakini asingaliihitaji kama mbwa angalichanjwa mwanzoni mwa mwaka, na huenda asingaliumwa kama mbwa angalipokelewa siku tatu kabla. Sindano ya mbwa ni moja kwa mwaka. Sindano za mtu aliyeumwa ni nne au tano, na kila moja ni ghali kuliko ile ya mbwa mara nyingi, mbali na nauli na siku za kazi zilizopotea. Mwenye kumnyima mbwa sindano ili ampe mtu, amemnyima mtu. Kuna jambo gani la anasa hapo?

Na Katiba yetu ya mwaka 2010 imelielewa jambo hili kuliko sisi. Someni Jedwali la Nne, mahali zilipoorodheshwa kazi za serikali za kaunti. Huduma za madaktari wa mifugo zimewekwa ndani ya huduma za afya, katika fungu moja na zahanati na magari ya wagonjwa. Mbele kidogo kaunti zimepewa kazi ya ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa, na mahali pa kuwaweka wanyama, kuwatunza na kuwazika. Katika orodha hiyo mbwa ametajwa kwa jina, ng'ombe hakutajwa. Laiti yule kijana wa mlangoni angaliisoma!

Wengine husema wauawe tu. Kwa miaka mingi halmashauri za miji zilituma watu wenye bunduki, au wenye nyama iliyotiwa sumu, kuwamaliza mbwa wazururaji. Wamekwisha? Penye jaa la taka pana chakula, na penye chakula wengine huja kushika mahali pa waliokufa, nao hawana chanjo hata mmoja. Sumu haiulizi nani amechanjwa. Humuua pamoja na mgonjwa yule aliyekuwa kinga. Kisha mwenye mbwa akisikia kwamba watu wa serikali wanakuja, humficha, na mwaka ufuatao atamficha hata kwa gari la chanjo. Utawala unaoua hauwezi tena kuita.

Wengine watasema mbwa ni najisi. Sibishani na dini ya mtu. Mwenye kujitenga na mate ya mbwa na ajitenge. Lakini Waislamu wenyewe husimulia katika hadithi za Mtume juu ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Mnyama kuwa najisi hakukumzuia mtu yule kumpatia haja yake.

Na wako wasemao: mwenye mbwa amlipie. Ndivyo wafanyavyo wenye mali. Nairobi ziko zahanati za binafsi za wanyama wadogo, na skuli ya madaktari wa mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, huko Kabete, ina zahanati yake ambapo wanafunzi hujifunza kutibu mbwa na paka. Kwa hiyo ujuzi upo nchini. Kinachokosekana ni kuufikisha kijijini. Mbwa wa tajiri hulala nyuma ya lango, hana nafasi ya kumuuma mtoto wa mtu. Mbwa wa ajuza ndiye anayepita njia ya shule. Tukimwachia kila mtu amtibu wake kwa kadiri ya mfuko wake, tutakuwa tumewatibu wasio na hatari na kuwaacha wenye hatari.

Ninachokiomba si jumba la ghorofa. Naomba katika kila ofisi ya mifugo ya kata kiwe na chumba chenye meza inayooshwa, jokofu la chanjo, msaidizi aliyefundishwa kutibu mbwa na paka na asiyewacheka, banda lile la siku kumi, na walau siku moja katika juma ya daktari kuja kupasua na kufunga vizazi. Bei iwe ndogo, na asiye na kitu asirudishwe. Wakisema haiwezekani, nitawauliza juu ya Lamu. Mwaka 1987 ilifunguliwa huko hospitali ya punda, nao hutibiwa bure. Punda wa Lamu hakuwa na thamani kuliko mbwa wa ajuza. Alipata tu watu waliokataa kucheka. Ni kweli kwamba watu hao walitoka Uingereza, na hilo huniuma, kwa maana sisi ndio tuliokuwa tukimbebesha mawe na saruji.

Tuna methali isemayo kwamba fadhila za punda ni mateke. Natamani kujua mbwa wana methali gani juu yetu. Huyu hutulinda usiku kucha bila mshahara. Chakula chake ni makombo, na siku akiumwa, kwetu hilo ni jambo la kuchekesha.

Nimeiandikia kaunti barua mbili juu ya habari hii, na wanafunzi wangu 38 waliweka saini zao katika ile ya pili. Hatujajibiwa. Wakati huo huo ajuza amepewa mtoto wa mbwa na jirani yake, mweusi, mwenye doa jeupe kifuani. Nilipokuwa nikiandika kurasa hizi alikuwa na majuma tisa. Akitimiza miezi mitatu atastahili sindano yake ya kwanza ya kichaa, na ajuza ameniuliza mara mbili ampeleke wapi.